Gari la Wakfu Lililopata Kitanda: Kutoka Bangwe Hadi Ng'ambo ya Malagarasi

Anayeshuka Bangwe baada ya swala ya Alasiri hulikuta Ziwa Tanganyika limetulia mbele yake, na ng'ambo milima ya Kongo imesimama kama ukuta. Wavuvi wanajiandaa kwa kazi ya usiku, taa zao zikijaribiwa moja moja, na akina mama wanakusanya dagaa walioanikwa tangu asubuhi. Ni mtaa wa watu wa kazi, ulioko kwenye rasi baina ya bandari ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji. Hapo ndipo ulipo msikiti wetu, na hapo ndipo yalipoanza haya tunayotaka kumsimulia ndugu msomaji.

Katika ua wa msikiti, chini ya mwembe, lilikuwapo gari aina ya Land Rover, lile refu la 109, toleo la tatu, ambalo halikuwa limetikisika kwa miaka sita. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Watoto wa madrasa walipokezana usukani wakati wa mapumziko, wakaenda Makka na kurudi bila ya kutoka kivulini. Gari hilo liliwekwa wakfu na marehemu mmoja aliyekuwa mfanyabiashara wa dagaa, ili liwabebe walimu wanaokwenda kufundisha vijijini na kuwafikisha maiti wetu makaburini. Kwa miaka mingi lilifanya yote mawili. Kisha injini ikachoka, chesi ikaliwa na kutu, nasi tukazoea kuliona pale kama mtu anavyouzoea ukuta wa jirani.

Siku wanunuzi wa chuma chakavu walipofika na bei isiyolingana hata na thamani ya matairi manne mapya, kamati ilikutana. Sisi tuandikao haya, ambao kazi yetu ni kuandika muhtasari, tulikuwa upande wa kuuza, na hatuoni vibaya kukiri. Tulikwisha kuandika sentensi ya maazimio kabla wazee hawajamaliza kuzungumza. Mzee mmoja wa kamati akatunyooshea mkono.

"Katibu, mwanangu," alisema, "hebu weka kalamu chini. Mali hii tunaiuza sisi kama nani?"

Swali lake halikuwa dogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na sharti la aliyeiweka huheshimiwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Ahmad wamefungua mlango wa kuuza kitu cha wakfu ambacho manufaa yake yamekatika kabisa, ili kwa thamani yake kinunuliwe kingine mfano wake. Lakini je, manufaa ya gari letu yalikuwa yamekatika, au ni sisi tuliokuwa tumekata tamaa? Hatukuwa tumemwuliza hata fundi mmoja. Tulikuwa tumemwita mnunuzi kabla ya kumwita mganga.

Basi tukamwita fundi. Alijilaza chini ya gari kwa muda wa saa nzima, akagonga hapa na pale kwa nyundo, kisha akatoka akiwa na vumbi kichwani na habari mbili. Chesi ilikuwa imeoza sehemu tatu na ilihitaji kukatwa na kuchomelewa upya. Bodi ilikuwa nzima. Alitueleza sababu, nasi baadaye tukaihakikisha kwa kusoma. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 30, 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao, kwa hiyo watengenezaji wakaijenga bodi kwa bati la aluminiamu, ambalo halishiki kutu. Ndiyo maana gari la namna hii huweza kuonekana zima machoni huku mifupa yake inaliwa kwa chini. Injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,286 alisema inafufulika, kwa kuwa vipuri vyake havijaadimika.

Wakati huo huo lilitufikia ombi ambalo hatukulitarajia. Ustadha anayefundisha akina mama katika madrasa yetu alituandikia barua kupitia mumewe, ambaye naye ni mwalimu. Alisema: kila mwaka msafara wa kufundisha huenda vijiji vya kusini mwa ziwa, na kila mwaka wanaokwenda ni wanaume. Wanaume wana pa kulala, kwani hulala msikitini. Mwanamke akienda, ama apange chumba katika nyumba ya wageni, ambayo vijiji vingi havina, au mwenyeji amwondoe mkewe chumbani mwake. Kwa hiyo akina mama wa huko hufundishwa kwa kusikiliza nyuma ya ukuta, wala hawaulizi. Alimalizia hivi: "Mkitupatia mahali pa kulala penye mlango unaofungwa kwa ndani, tutakwenda."

Sote tulikuwa tumekwisha kuona jambo lenye kufanana na jibu. Wageni kutoka Ulaya hupita Kigoma wakiwa katika magari makuukuu ya porini waliyoyatengeneza wenyewe: hema juu ya paa, jiko nyuma, kitanda ndani. Hupiga kambi kwenye fukwe zetu kisha wakaendelea na safari kuelekea Mpanda au Burundi. Fikra hiyo ni ya zamani. Katika mji wa Folkestone, Uingereza, kampuni ya Martin Walter ilikuwa ikigeuza magari ya kawaida kuwa ya kulala tangu miaka ya 1950, kwa paa linaloinuliwa kama kifuniko cha sanduku, na miaka ya 1960 ikaigeuza Land Rover pia. Sisi tulikuwa tukiyatazama magari hayo kama starehe ya wenye fedha. Barua ya ustadha ilitufanya tuyatazame upya.

Mzee wetu hakuridhika upesi, na haki ilikuwa upande wake. Alitukumbusha kwamba kwa mujibu wa madhehebu yetu kitu cha wakfu hakibadilishwi umbo: nyumba haifanywi bustani, wala bustani haifanywi nyumba. "Leo mnatia kitanda," alisema, "kesho mtatia meza ya chai, na keshokutwa watoto wa viongozi watakwenda kutembea nalo ufukweni." Tukaifungua sanduku la nyaraka, tukaitoa karatasi ya wakfu iliyokunjwa mara nne. Ndani yake marehemu alikuwa ametaja mambo mawili, walimu na maiti, kisha akamwachia msimamizi atazame lenye maslahi kwa mambo hayo mawili. Tuliipeleka karatasi hiyo kwa mwanachuoni mmoja wa Ujiji. Alijibu kwamba kitanda cha mwalimu msafiri kimo ndani ya sharti, maadamu hakimzuii maiti. Mzee akakubali, lakini akaweka lake: siku itakapotokea janaza, kitanda kiwe kimetoka kabla maji ya kuoshea maiti hayajapoa.

Sharti hilo ndilo lililolichora gari letu. Wenye magari ya namna hii hujenga makabati ya kudumu na kuyapigilia. Sisi hatukuweza. Kila kitu kilipaswa kushikwa kwa bawaba na skrubu za masikio, zinazofunguliwa kwa vidole bila ya spana. Tulipopima sehemu ya nyuma, baina ya kiti cha mbele na mlango, tulipata sentimita mia moja na themanini na ushei. Seremala akatengeneza mabao matatu ya plaiwudi yanayokaa juu ya vifuniko vya magurudumu. Mchana bao la kati hutolewa, na watu hukaa pande mbili wakitazamana. Usiku hurudishwa, na godoro la sponji la inchi nne likatandikwa. Chini ya mabao huingia vyombo, vitabu na nguo.

Makosa hayakukosekana. Kwanza tuliweka tangi la maji juu ya paa, kwa kuwa ndivyo tulivyoona kwenye magari ya wageni. Katika mteremko wa kurudi Bangwe gari liliyumba kama mtumbwi uliosimamiwa na mtu mzima, na fundi akalisimamisha akiwa amenyamaza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita mia ni sawa na kuwapandisha watu wazima wawili juu ya paa. Tukalishusha, tukaweka madumu matatu ya lita ishirini sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele, na tangu siku hiyo gari likatulia.

La pili lilikuwa mvua. Paa letu la nyongeza lilivuja kila lilipoungwa, na mafundi bati wawili walishindwa. Aliyetuokoa ni fundi wa maboti kutoka Katonga. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Ustadhi, maji hayana adabu ya kujua kama yanatoka juu au chini." Akaziba mianya kwa pamba, akaipigilia kwa patasi kama anavyoziba ubavu wa boti, akapaka juu yake, na hadi leo halijaingia tone.

Mengine tuyataje kwa ufupi, huenda yakamfaa mwenye gari bovu uani kwake. Paneli moja ya sola ya wati mia na betri ya pili vinatosha taa na simu. Betri ya kuwashia gari isiguswe. Mtungi wa gesi wa kilo sita hukaa katika kisanduku chake kinachofunguka nje, na mapishi yote hufanyika nje chini ya turubai. Jiko la mkaa lisiingizwe garini hata kama limebaki majivu, kwani hewa yake huua watu waliolala bila ya kuwaamsha. Madirisha yawe na wavu wa mbu, na chandarua kiwepo juu ya hayo. Na gari likishabadilishwa lipelekwe kwa askari wa usalama barabarani likaguliwe, na karatasi zake ziandikwe sawa. Dua ya safari haichukui nafasi ya breki.

Siku ya kuondoka tulikuwa sita: mwalimu na ustadha, sisi na mama watoto wetu, na watoto wawili. Tulipita Ujiji asubuhi. Ni mji unaostahili kutajwa katika habari za safari, kwa kuwa ndipo ilipoishia njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Watu wa misafara walitembea kwa miezi, wakilala katika mahema na vibanda vya njiani, na pamoja na bidhaa zao Uislamu na lugha hii ya Kiswahili vilifika kandokando ya ziwa. Historia hiyo ina doa lake pia, kwani katika njia hiyo hiyo wanadamu walisukumwa wakiwa watumwa, na si haki kuusifu mji huku tukilinyamazia hilo. Lakini yatosha kusema kwamba mwalimu kulala njiani si jambo geni Ujiji.

Tulipoziacha nyuma nyumba za mwisho tukahesabu kuwa tumeanza safari. Kituo chetu kilizidi marhala mbili, kwa hiyo tulikuwa na ruhusa ya kufupisha swala na kuzikusanya. Njia inapita bonde la Luiche na mashamba yake ya mpunga, inafika Simbo, kisha inashika upande wa kusini katikati ya michikichi hadi Ilagala. Hapo Mto Malagarasi, uliokusanya maji ya mikoa kadhaa, hukatiza njia, na gari huvuka kwa pantoni. Watoto walishuka wakasimama na mama zao kando ya ukingo wa chuma. Mtoto wetu akauliza kama gari linajua kuogelea. Mwalimu alimjibu kwamba halijui, ndiyo maana limebebwa, na kwamba hakuna aibu kubebwa.

Ng'ambo ya mto, njia ni ya udongo mwekundu. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja kando ya njia. Kwetu sisi wa Kigoma, kibla kipo kaskazini na kuegemea kidogo mashariki, kwa hiyo mtu anayekwenda kusini akisimamisha gari lake hugeuka karibu nyuma yake kabisa. Paa la gari haliruhusu mtu mzima kusimama wima, na swala ya faradhi humtaka mwenye uwezo asimame. Tukatandika majamvi ya ukindu nje, turubai likiwakinga akina mama upande mmoja. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka tuliyoinunua njiani.

Katika kijiji cha kwanza tulipolala, kando ya ziwa, gari liliegeshwa nyuma ya msikiti, karibu na nyumba ya imamu. Mwalimu nasi tulilala msikitini. Akina mama na watoto walilala garini, mlango umefungwa kwa kitasa cha ndani. Lakini kabla ya kulala, tangu Alasiri hadi Magharibi na tena baada ya Isha, ustadha alikaa chini ya turubai na wanawake wa kijiji. Tuliwatazama kwa mbali wakija wawili wawili, kisha kumi, kisha mkeka haukutosha. Wengine walikuja na mikeka yao.

Alichosikia huko ustadha hakutusimulia chote, na hivyo ndivyo ipasavyo. Alitueleza moja tu, bila ya jina, ili kamati ijue. Mama mmoja alikuwa akitokwa na damu ya maradhi kwa muda mrefu. Akidhani kuwa ni hedhi, alikuwa ameacha swala miezi kwa miezi, na Ramadhani nzima ikampita. Aliamini kwamba Mwenyezi Mungu amemfungia mlango. Hakumwuliza mwalimu yeyote, maana walimu wote waliowahi kufika walikuwa wanaume, na mwanamke wa kumwuliza hakuwapo. Ustadha alimfafanulia kwamba damu hiyo ni istihadha: siku zake za kawaida zikipita huoga, kisha hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kwa kila swala ya faradhi ukishaingia wakati wake, na huswali. Akamweleza pia namna ya kulipa yaliyompita, na akamsisitiza aende hospitali, kwa kuwa maradhi yana tiba na kuitafuta ni katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Usiku huo mama yule aliswali Isha pamoja na wenzake chini ya turubai.

Tulipoyasikia hayo tulikumbuka ile sentensi ya maazimio tuliyokuwa tumekwisha kuiandika. Kwa bei ya matairi manne tungekuwa tumeuza jibu la mama yule. Msafara wetu ulikuwa ukifika kijijini hapo mwaka hadi mwaka, nasi tukirudi na kuandika katika taarifa kwamba watu wamefundishwa. Walikuwa wamefundishwa nusu yao.

Tuliendelea hadi Buhingu, ambako milima ya Mahale inaanza kuinuka juu ya ziwa, tukilala vijiji vitatu zaidi. Kila mahali mambo yalikuwa yale yale: wanaume msikitini, akina mama chini ya turubai, na maswali yaliyokuwa yakisubiri. Watoto walijifunza kuhesabu nyota na kukunja godoro. Tulirudi siku ya saba.

Tulipokuwa tunakaribia Simbo simu ilipata mtandao, na ujumbe wa kwanza ulikuwa wa msiba. Bibi mmoja wa mtaani kwetu Bangwe alikuwa amefariki alfajiri, na maziko yalipangwa baada ya Alasiri. Tuliingia uani kabla ya adhana. Mzee wetu wa kamati alikuwa amesimama chini ya mwembe, saa mkononi. Hakusema neno. Vijana wanne walifungua skrubu, wakatoa mabao, godoro, madumu na kisanduku cha gesi, wakafagia sakafu na kuipangusa kwa maji. Zilipita dakika chache tu. Jeneza likaingia na kutosha, na gari lililokuwa chumba cha walimu asubuhi likawa chombo cha maiti jioni, kama alivyoagiza mwenyewe aliyelitoa. Njiani kwenda makaburini mzee alikaa mbele, karibu nasi. "Andika, katibu," alisema. "Sasa unaweza kuandika."

Tuliandika. Kamati imeazimia kwamba gari lisikodishwe kwa matembezi, hata yakiwa ya wajumbe wa kamati; kwamba matumizi ya ukarabati, yaliyotoka katika mchango maalumu na si katika sanduku la Ijumaa, yabandikwe mlangoni mwa msikiti ili kila mwenye kutoa ayaone; na kwamba msafara wa vijijini usiondoke tena bila ya mwalimu wa kike.

Ndugu zetu wa Kigoma wana mfano mkubwa kuliko huu, ulioko mbele ya macho yao. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa huku ikiwa vipande ndani ya maelfu ya makasha, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa kwa makusudi mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba watu. Iliyotumika vitani ikawa ya kuwabeba mama na watoto wao.

Huenda katika ua wa msikiti wako, ndugu msomaji, nako kuna kitu chini ya mti: gari, mashine ya kushonea, jenereta, au kabati la vitabu. Kabla ya kumwita mnunuzi, itafuteni karatasi ya wakfu, mwiteni fundi, na waulizeni akina mama. Aliyetoa amekwisha kuondoka, na sadaka yake yenye kuendelea imesimama pale, ikisubiri mkono wa aliye hai.

Wabillahi Tawfiq.